Wasaa wa Mikono katika Nchi ya Singida

Azimio la Arusha, lililotangazwa mwezi wa Februari 1967, lilikuwa na maneno machache juu ya saa. Liliuliza wakulima, hasa wanaume, hufanya kazi saa ngapi kwa juma na majuma mangapi kwa mwaka. Likasema ya kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi pengine saa 12 au 14 kwa siku, wala Jumapili na sikukuu hawapumziki, hali wanaume wa huko huko nusu ya maisha yao hupita katika mapumziko. Hayo yalikuwa makemeo ya haki, na mtu aliyewahi kukaa katika kijiji cha Singida wakati wa palizi hawezi kuyakana. Lakini hesabu hiyo ya saa yamletea shida mtu aingiaye katika nyumba ya kale ya Kinyaturu au ya Kinyiramba akatazama vyombo vilivyomo. Huko ndani ataona nyungo, vikapu vya nafaka, mitungi ya maji, na vibuyu ambavyo nyufa zake zimeshonwa kwa uzi kwa uangalifu kama nguo ya arusi. Vyombo hivyo vilifanywa na mikono ya yule yule mwanamke ambaye hesabu yasema hakubakiwa na saa hata moja. Kikapu kikubwa cha nafaka, kilichoshonwa mzunguko juu ya mzunguko kwa majani na uzi wa gome, si kazi ya jioni moja. Ni kazi ya majuma. Basi kilifanywa lini?

Swali hili laweza kuonekana dogo karibu na mambo ya vita, kodi na utawala, ambayo ndiyo chakula cha kila siku cha mwanahistoria. Hata hivyo kodi na utawala vilimfikia mtu wa kawaida kwa njia ya siku yake: aamke saa ngapi, aende wapi, mikono yake ishike nini njiani. Asiyejua siku ilivyogawanywa hawezi kujua ni kitu gani kilichochukuliwa.

Jibu la kwanza linalokuja ulimini ni majira. Nchi ya Singida ni uwanda mkavu ulioinuka, wenye majabali ya mawe makubwa na maziwa ya chumvi. Mji wenyewe umekaa kati ya mawili, Singidani na Kindai. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, kutoka Novemba au Desemba mpaka Aprili, na katika sehemu nyingi haipati milimita 800 kwa mwaka. Baada ya mavuno hufuata miezi mirefu ya ukavu. Kwa hiyo husemwa ya kwamba kazi za mikono zilikuwa kazi za kiangazi, wakati jembe limelala. Jibu hili lina nusu ya ukweli. Majani mazuri ya ususi hukatwa mvua zinapokwisha, yakiwa yamekomaa na bado hayajawa makavu ya kuvunjika. Na udongo wa mitungi hukauka vizuri pasipo mvua. Lakini kiangazi kilikuwa majira ya mzigo mwingine kwa mwanamke. Visima vya karibu hukauka, na maji hutafutwa mbali kwa kuchimba mchanga wa makorongo. Paa la tembe, lililo la miti na udongo, halina budi kutengenezwa kabla ya mvua nyingine. Na hayo ndiyo majira ya arusi na ngoma, ambazo hutaka pombe, na pombe hutaka maji na kuni zaidi. Kiangazi kilimpa msusi majani yake. Saa za kuyasuka hazikuja pamoja nayo.

Mtaalamu Harold Schneider, Mmarekani, alikaa kwa Wanyaturu wa Wahi katika miaka ya 1959 na 1960, na kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Alimwonyesha Mnyaturu kuwa mtu wa hesabu. Uwele na mtama uliotoka katika shamba la mwanamke, shamba lililo karibu na nyumba na kurutubishwa kwa samadi ya zizi, ulibadilishwa kwa mbuzi, na mbuzi kwa ng'ombe, hata jasho la mkulima likawa mali itembeayo kwa miguu. Kama hesabu hiyo ndiyo yote, kila saa iliyotumiwa juu ya kikapu ilikuwa saa iliyoibiwa kwa ng'ombe, na mtu mwenye akili asingesuka ila kwa dharura. Marguerite Jellicoe, ambaye naye alichunguza Wahi katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake Nairobi mwaka 1978, aliyatazama zaidi mambo ya wanawake, vyama vyao vya siri na nguvu zao. Kwa kuwasoma wote wawili pamoja msomaji hupata picha ya jamii ambayo haikuwa na saa za kupoteza, na ambayo hata hivyo haikuishi kwa hesabu tu.

Jibu lenye nguvu zaidi halimo katika saa. Limo katika mikono. Mwanamke wa bara huchukua mzigo wake kichwani. Mtungi ukiisha kukaa juu ya kata, shingo na mgongo ndivyo vifanyavyo kazi, na mikono iko huru mwendo mzima. Miongoni mwa Wakamba wa Kenya mzigo huchukuliwa mgongoni kwa ukanda upitao utosini, na ni jambo lililoandikwa na wasafiri wengi ya kwamba wanawake wao husuka vyondo huku wakitembea; kiondo kinaning'inia, nyuzi zinapita vidoleni, na njia ya kwenda sokoni inageuka kuwa karakana. Kazi ya majani haikubali mwendo sawasawa na kazi ya nyuzi, kwa maana majani lazima yaloweshwe kidogo na mshono wa mzunguko hutaka sindano au msumari wa kutobolea. Lakini kusokota uzi wa katani au wa gome la mbuyu juu ya paja au kati ya viganja hutaka mikono mitupu tu. Uzi ukiisha sokotwa njiani na kisimani, nusu ya kikapu imekwisha fanyika kabla mwenyewe hajaketi chini.

Kisima nacho kilikuwa shule ya subira. Maji ya kiangazi hutoka mchangani polepole, kata moja baada ya kata, na wanawake hungoja zamu. Kungoja huko katika hesabu ya Azimio ni saa za kazi, na kwa kweli ni kazi. Lakini ni kazi ambayo mikono imo likizoni. Vivyo hivyo pombe. Mtama wa kimea hulowekwa, hutolewa, hufunikwa mpaka uchipue, huanikwa. Siku kadhaa hupita ambazo mwanamke hana la kuufanyia ila kuuangalia usioze wala kuliwa na kuku. Kisha chungu hukaa motoni muda mrefu na moto wataka jicho. Kukaa karibu na moto, mtoto mgongoni, majani yamelowana katika kipande cha kibuyu, ndiko kulikozaa nyungo nyingi kuliko mapumziko ya namna yoyote.

Ndiyo sababu mtu aliyeuliza, "Wewe husuka saa ngapi?" angepata jibu la kicheko. Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson, katika makala yake ya mwaka 1967 juu ya saa na nidhamu ya kazi katika viwanda vya Uingereza, alieleza jinsi watu wa kale wa huko walivyopima wakati kwa kazi yenyewe, si kazi kwa wakati. Na kabla yake Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1940 juu ya Wanuer wa Sudani, alionyesha ya kuwa saa yao ilikuwa ng'ombe: kutolewa zizini, kukamwa, kurudishwa. Maelezo hayo yanafaa Singida, ila yamepungukiwa na jambo moja. Yanasema ya kwamba kazi moja ilifuata nyingine. Hayasemi ya kuwa kazi mbili zilikaa katika mwili mmoja kwa wakati mmoja, moja kichwani na nyingine vidoleni.

Wanaume walikuwa na mshono wao vilevile, nao ulikuwa uchungaji. Ng'ombe wakiisha tulia malishoni, mchungaji hukaa; na mtu akaaye na kisu au tezo karibu hachoki kupata cha kuchonga: mpini, kigoda, mwiko. Kusini mwa mkoa, kuelekea Manyoni na vichaka vizito vya Itigi, kazi kubwa ilikuwa mizinga ya nyuki. Gogo hukatwa, hupasuliwa au kutobolewa, hukombwa ndani kwa tezo siku baada ya siku, na mzinga hutundikwa kabla makundi ya nyuki hayajaanza kutafuta makao. Asali na nta zilikuwa biashara ya nchi hii kabla ya reli na baada yake. (Hata katika masimulizi ya vita nyuki hawakusahauliwa: Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyeongoza upinzani juu ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, hukumbukwa hasa kwa nyuki wake waliowakimbiza askari, na uwanja wa mpira mjini Singida umepewa jina lake.) Msimamizi aliyepita na kumwona mtu chini ya mti, ng'ombe mbele yake na gogo magotini, angeandika katika daftari yake ya kuwa wanaume wa kijiji hicho wamepumzika. Azimio lilikuwa sahihi juu ya wengi. Juu ya huyu lilikosea, kwa kuwa lilihesabu jembe peke yake.

Kaskazini, upande wa Mkalama na bonde la Eyasi, wako Wahadzabe, ambao katika elimu ya dunia wamekuwa maarufu kwa jambo hili hili la wasaa. James Woodburn aliandika mwaka 1968 ya kwamba, ukichukua mwaka mzima, labda hutumia chini ya saa mbili kwa siku katika kutafuta chakula. Marshall Sahlins akalichukua neno hilo akajenga juu yake hoja kwamba wawindaji ndio matajiri wa kwanza wa dunia, kwa kuwa wana wakati. Wataalamu wengine baadaye waliitilia shaka hesabu hiyo, wakisema haikuingiza kutwanga, kupika wala kutengeneza zana. Ubishi wote umesimama juu ya mishale. Mwanaume wa Kihadzabe hukaa kambini muda mrefu akinyoosha ala ya mshale kwa meno na moto, akifunga manyoya, akigonga chuma. Na mishale hiyo hiyo huiweka rehani katika mchezo wao wa kamari wa kurusha vipande vya gome. Je, aliyenyoosha mshale alikuwa kazini au mapumzikoni? Yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kuamua, na mgeni mwenye saa mkononi alilazimika kuamua kwa niaba yake. Hapo ndipo hesabu zote za saa zinapoanza kuyumba.

Mabadiliko yalikuja kwa vitu vidogo. Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, na machimbo ya dhahabu ya Sekenke katika Iramba, ambayo dhahabu yake ilipigwa sarafu Tabora mwaka 1916, viliwatoa wanaume majumbani; reli ya Kati ilipopita Manyoni na kufika Tabora mwaka 1912, njia za kwenda kutafuta mshahara zilifupika. Mchungaji alipokwenda kibarua, kazi yake ilimwangukia mtoto, na mtoto hawezi kukomba mzinga. Tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida mpaka Kinyangiri lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, likang'olewa katika miaka ya 1940. Saa ya stesheni ilikuja ikaondoka, na haikuacha mengi. Debe la mafuta ya taa liliacha zaidi. Debe ni jepesi, halivunjiki, nalo huja bila kufinyangwa. Mwanamke aliyepata debe alikuwa amejipunguzia siku nyingi za kukanda udongo na kuchoma mitungi, na hakuna aliyemlaumu. Mfinyanzi ndiye aliyepoteza wateja, wala hakupewa kitu badala yake.

Kisha mashine ya kusaga. Jiwe la kusagia lilikuwa bwana mkali kuliko wote. Kusaga unga wa jamaa moja kwa siku moja huchukua saa mbili au zaidi, mwanamke amepiga magoti, uzito wote wa mwili ukiwa katika mikono miwili. Hii ndiyo kazi moja ambayo haikuacha kidole hata kimoja. Mashine zilipoenea kutoka miji midogo mpaka vijijini, saa hizo zilifunguliwa. Tena mtu alipokwenda mashineni alibeba nafaka kichwani na kungoja zamu, yaani alipata njia mpya na kisima kipya cha kukalia. Kwa haki yote huu ungekuwa wakati wa kustawi kwa ususi. Haukuwa hivyo, na hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kusimama kidogo asikimbilie kulilia mila.

Katika miaka ya 1950 Idara ya Maendeleo ya Jamii na misheni zilifungua vilabu vya wanawake katika sehemu nyingi za Tanganyika, na baada ya uhuru Umoja wa Wanawake, ulioundwa mwaka 1962, ukaendelea na kazi hiyo. Huko wanawake walifundishwa kushona, kudarizi na kufuma, alasiri moja au mbili kwa juma, kwa saa iliyotajwa. Waliobuni vilabu walidhani ya kuwa wanawapa wanawake wasaa wa kazi za mikono ambao hawakuwa nao. Saa iliyotajwa ilikuwa sehemu dhaifu ya mpango, kwa kuwa palizi na mgonjwa havijui alasiri ya Jumatano. Lakini sindano moja ya kufumia na fundo la uzi vilitoka kilabuni vikaenda na wanawake kila mahali. Uzi wa duka hauhitaji kuloweshwa, haungoji mwisho wa mvua, haukatwi porini. Huingia katika kikapu cha sokoni na kutoka mara mtu anapoketi. Vitambaa vya kufuma vikafunika viti na meza za nchi nzima. Kwa hiyo ususi wa majani haukukosa nafasi: nafasi ilikuwako, ikajazwa na ufundi mwingine uliojua kuingia ndani yake vizuri zaidi. Mpenzi wa vyombo vya kale atasikitika, na ana haki. Lakini mwanamke aliyebadilisha majani kwa uzi hakuacha desturi ya mama yake. Aliihamisha.

Pigo halisi lilitoka upande mwingine. Kati ya 1973 na 1976 watu wa Singida, kama wenzao wa mikoa mingine, walihamishiwa vijijini. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika, kila moja na shamba lake mlangoni na zizi kandoni, zilipangwa kwa mistari karibu na barabara. Shule, zahanati na duka vilisogea, na hilo ni jambo kubwa lisilofaa kudharauliwa. Shamba, malisho na mahali pa kukatia majani vikawa mbali. Mwendo wa kwenda shamba la mbali hauko kama mwendo wa kutoka kisimani, kwani mtu huharakisha kulikimbia jua. Baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1977, binti aliyekuwa akikaa kando ya mama yake kwenye moto wa kimea alikaa dawatini asubuhi. Somo la kazi za mikono lilikuwamo katika Elimu ya Kujitegemea, lakini ususi hauwezi kufundishwa kwa kipindi cha dakika 40 kama hesabu. Mkono wa mtoto hujifunza kwa kuwa karibu na mkono mwingine muda mrefu, huku wote wawili wakiwa na jambo jingine la kufanya.

Mwaka 1971 serikali ilikuwa imeahidi kila mkazi wa kijijini maji katika umbali wa mita 400 ifikapo mwaka 1991. Ahadi haikutimia mahali pengi, na katika nchi kavu kama Singida kutotimia kwake kulihesabiwa kwa miguu ya wanawake. Bomba linapovunjika, maji hufuatwa mbali tena, ila sasa hufuatwa mara nyingi kwa baiskeli, madumu matatu au manne yamefungwa nyuma, na mara nyingi mwenye baiskeli ni mwanaume auzaye maji. Hapana shaka hiyo ni nafuu kwa shingo ya mwanamke. Ila baiskeli iliyobeba madumu husukumwa kwa mikono miwili, wala haimwachii msukumaji hata kidole cha kusokota uzi. Toroli ni hivyo hivyo. Chombo kinachoondoa mzigo kichwani kimeufunga mkono, na simu ya mkononi imemaliza yaliyobaki, kwa vijana wa mjini na wa kijijini sawasawa.

Hata hivyo kungoja hakujaisha katika nchi hii, kumebadili mahali. Alizeti imeufanya mkoa kuwa mashuhuri, na kazi yake ya kuvuna, kupura, kuuza na kukamua yaingia ndani sana ya kiangazi; kwenye mashine za kukamua mafuta watu hukaa na magunia yao kama zamani walivyokaa na mitungi. Kando ya barabara kuu wauzaji wa vitunguu, asali na kuku hungoja mabasi. Nyuma ya lundo la vitunguu si ajabu kumwona mama amekaa juu ya kigoda, kitambaa cha kufuma magotini, jicho moja barabarani. Mnunuzi akisimama, sindano huchomekwa ndani ya fundo la uzi, kitambaa huwekwa chini ya khanga kisipate vumbi, na ndoo ya kipimo hujazwa.